Wimbo wa Mlangoni wa Agnes Keji

Ukifika Awindiri, pale Arua, ukauliza nyumba ya mtunzi wa nyimbo za msiba, utazungushwa mpaka uchoke. Uliza nyumba ya mama wa odi. Hapo hata mtoto anayecheza barabarani atakuonyesha, kwa sababu odi ya Agnes Keji, yaani lile rojo zito la karanga na ufuta, imeingia katika kila sufuria ya mboga mtaani humo.

Mashine za kusaga ziko tele mjini. Keji anazijua na hazitaki. Anasaga kwa jiwe, amepiga magoti, asubuhi jua likiwa bado lina adabu, na wateja wake wanaapa kwamba ladha ya jiwe ni nyingine kabisa. Labda. Watu wa Arua wakishaamua jambo la tumbo hawabishiwi. Lakini Keji mwenyewe hakuling'ang'ania jiwe kwa ajili ya ladha. Aliling'ang'ania kwa sababu ya mwendo wake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, maana nyimbo zake zote zilitoka humo. Mkalishe kwenye kiti umwambie atunge, hatoi hata neno. Mpe jiwe na ufuta, kisha kaa pembeni usikilize.

Nyimbo zenyewe hazikuwa za Jumapili. Kanisa lao dogo la Methodisti, lililoko upande wa Oli, lina kitabu chake cha nyimbo zilizokuja na wazungu zamani, nazo huimbwa kwa heshima zote. Za Keji ni za msibani, tena si za msiba mzima. Ni za ule muda mfupi maiti anapotolewa ndani ya nyumba yake kwa mara ya mwisho. Wenyewe wanaziita nyimbo za mlangoni. Kila aliyekufa ana wake, na ubeti wa mwisho lazima utaje jina lake. Ukishamtoa mmoja mlangoni, haumtoi mwingine mpaka dunia iishe.

Kazi ilikwenda hivi. Watu wakifiwa, wanatuma mtu Awindiri. Keji anakwenda, anakaa na akina mama kwenye mkeka, na haulizi marehemu alisoma wapi wala aliacha ng'ombe wangapi. Anauliza, "Mikono yake ilikuwa nafanya nini?" Wakimwambia alikuwa anatengeneza baiskeli, au alikuwa na tabia ya kukung'uta kanga kabla ya kuikalia, basi amepata. Anarudi kwenye jiwe lake, na kabla ufuta haujaisha wimbo umeiva. Hivyo ndivyo alivyomtungia Yakubu mchimba visima, na siku Yakubu alipotolewa, watu hawakulilia kifo peke yake. Walilia kwa sababu waliiona tena mikono ya Yakubu ikivuta kamba.

Mila hii haikuzaliwa kanisani. Ilizaliwa porini upande wa Kongo, katika mwaka wa kukimbia. Serikali ilipoanguka kule Kampala na askari wapya wakapanda kuja West Nile, watu wa Koboko, alikozaliwa Keji, walijua ghadhabu hiyo itamwangukia nani, maana ni nyumba chache kwao zilizokosa mtu katika jeshi lililoshindwa. Wakavuka mpaka na kile walichoweza kubeba kichwani. Keji alikuwa msichana aliyeanza tu kufunga kitambaa kichwani, na Paska, binti wa jirani yao, alikuwa rika lake. Kule hakukuwa na mchungaji, jeneza wala kitabu. Watu walikufa kwa kuhara na kwa homa, wakafukiwa kando ya njia, kesho yake safari ikaendelea. Kilichowachoma wazee hasa ni kwamba mtu alikuwa anazikwa bila hata kutajwa jina. Basi akina mama wakaanza kumwimbia kila mmoja wimbo wake, wenye jina lake, kwa Kiswahili cha jeshini, kwa sababu kambini walichanganyika Wakakwa na Walugbara na Wakongo, na hicho ndicho kilichowakusanya wote. Mlango wenyewe mara nyingine ulikuwa matawi mawili na gunia, lakini waliuita mlango.

Mama yake Paska alifia huko huko. Siku hiyo akina mama walikuwa hoi, hakuna aliyeweza kufungua kinywa. Keji alikuwa anasaga mtama wa kuazima, na bila mtu kumwambia, akaanza kuimba. Wimbo ulitoka mzima, na jina la mama ndani yake, na mama akatolewa nao. Kesho yake Keji hakukumbuka hata mstari mmoja. Paska aliukumbuka wote, mpaka mahali Keji alipokohoa.

Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Keji alitunga na kusahau. Paska hakutunga kamwe na hakusahau kamwe. Vita vilipokwisha wakarudi nyumbani, Keji akaolewa Arua na Andama, fundi seremala Mlugbara, mtu wa maneno machache, wakamzaa mwana wao Ivan. Paska akabaki Koboko na biashara ya nguo za mitumba. Lakini kila wimbo uliozaliwa Awindiri ulisafiri kwenda kulala kwa Paska. Zamani Keji alipanda gari akaupeleka mwenyewe. Simu zilipokuja, alimpigia akamwimbia, vidole bado vinanuka ufuta, na Paska upande wa pili akajibu "mm" kila mstari, kama mtu anayepokea nguo na kuzikunja. Mtu akitaka kusikia tena wimbo wa baba yake, hakwenda kwa Keji aliyeutunga. Alikwenda Koboko, akapewa wote.

Sasa, mtunzi naye hufa, na hapo ndipo penye jambo. Nani atamtungia? Mila yao inasema mtunzi ajitungie angali hai, amfundishe mtu mmoja tu, mdomo kwa sikio, kisha auachie. Hauandiki. Hauimbi tena, hata kuuvumisha puani haruhusiwi, kwa sababu akiuimba anajiita. Anaishi siku zake zilizobaki akijua tu kwamba upo mahali salama, na kwamba ataondoka vizuri.

Keji alijitungia wake mwaka aliofanyiwa upasuaji wa tumbo, alipoona kwamba mwili nao unaweza kumgeuka. Nyimbo za wengine zilimchukua asubuhi moja. Huu ulimchukua kiangazi kizima. Ulipoiva, alipanda gari mpaka Koboko, akamwambia Paska afunge mlango wa jikoni, na mchana ule, kwenye joto la kuwatoa roho, akamwimbia:

Nimesaga, nimesaga, mkono umechoka,
Bwana, pokea jiwe, malizia wewe.
Siku zangu zote zimo ndani ya bakuli,
Keji yuko mlangoni, fungua.

Paska aliomba aurudie. Kisha akaurudisha mwenyewe, neno kwa neno, na wote wawili wakalia, halafu wakacheka kwa kuwa wanalia. Paska akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Nyimbo yote imepita kwangu," alisema. "Hii iko tamu kushinda yote." Keji aliondoka mwepesi, akaanza kuusahau, na kusahau alikuwa na kipaji nacho. Baada ya miaka michache alikuwa hajui tena hata unaanzaje. Alijua tu uko kwa Paska.

Mwaka jana mvua zilipoanza, alikwenda kumtazama. Paska alikuwa na ugonjwa wa sukari na amekonda, miguu imevimba, lakini ulimi ulikuwa bado mzima. Walikunywa chai barazani. Binti wa Paska, Lillian, alikuwa uani anaanika nguo za kuuza.

"Keji, unaogopa nakufa na wimbo yako?" Paska aliuliza akicheka.

"Mi naogopa unakufa. Wimbo ni maneno ingine."

Paska akajigonga kifua kwa ngumi. "Iko hapa. Hakuna mutu amesikia. Siku naona mimi naenda mbele, nitaipa mutu moja, nitakuambia ni nani."

Keji alimwamini. Kwa nini asimwamini? Kama kuna mtu duniani aliyeweza kuwekewa kitu, ni huyo. Alimbusu mkono akarudi Arua moyo mweupe.

Habari zilikuja asubuhi moja mwaka huu. Duku, kaka yake Paska, alipiga simu. "Keji, dada yako ameenda."

Alikaa chini palepale mlangoni, simu mkononi. Andama alikuja akasimama karibu naye, na hicho ndicho alichokihitaji. Kisha Keji alinyanyuka akaenda kwenye jiwe. Hakuna aliyemtuma na hakuwa na haja ya kumuuliza mtu mikono ya Paska ilikuwa inafanya nini. Aliijua kuliko yake mwenyewe: mikono ya kufungua mzigo wa mitumba, kukung'uta shati la mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, kulikunja, kuliweka. Nguo aliweka hivyo, na nyimbo aliweka hivyo. Keji alisaga akilia, machozi yakaingia kwenye ufuta, na odi ya siku hiyo haikufaa kuuzwa. Lakini wimbo ulitoka, na ulikuwa mzuri:

Aliyewekewa kitu akakitunza,
akakikunja vizuri, akakiweka,
hakupoteza njiani hata neno moja.
Bwana, fungua mzigo wa Paska, vyote vimo.

Shida ikawa moja. Ghala lake ndilo lililokufa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Keji alilazimika kukumbuka wimbo wake mwenyewe, na njia yote ya kwenda Koboko aliurudia midomo ikichezacheza, mpaka abiria wa pembeni akajisogeza, labda akidhani anarogwa. Hakujali. Aliogopa mstari mmoja usije ukamponyoka, akafika kwa rafiki yake mikono mitupu.

Alipofika, ua ulikuwa umejaa. Majirani Waislamu walikuwa wamepanga viti, kanisa limekuja na ngoma. Keji alisukuma watu taratibu, akiomba njia, maana aliona vijana wameshaingia ndani na jeneza liko njiani kutoka. Hawakumngoja. Jambo hilo lilimshangaza kidogo, lakini alijiambia labda jua, labda miguu ya wazee.

Kisha waimbaji wakaanza, na Lillian ndiye aliyeongoza.

Sikiliza kilichompata huyu mama. Jambo la kwanza lililomwingia moyoni lilikuwa kuupenda wimbo. Alisimama katikati ya watu akasema kimoyomoyo: wimbo mzuri huu, nani ameutunga? Alisikia mwendo wake ukienda na kurudi na magoti yake yakataka kupigwa chini. Alisikia mkono umechoka. Alisikia jiwe. Hapo ndipo shaka ilipoanza kumwingia, pole pole, kwa sababu Paska hakuwa msagaji. Paska alichukia jiwe tangu Kongo. Odi ya nyumbani kwake ilitoka Awindiri kwenye kopo miaka yote. Sasa jiwe la nani hili?

"Siku zangu zote zimo ndani ya bakuli," waliimba, na jeneza likafika kizingitini. "Paska yuko mlangoni, fungua."

Aliukumbuka wote kwa mkupuo mmoja, kiangazi kile, jiko lile lililofungwa mlango, kanga ya kufutia pua. Ulikuwa wake. Ulikuwa umetoka mlangoni mbele ya macho yake, ukiwa na jina la mwingine, na hakuna awezaye kuurudisha ndani. Ningekuambia alipiga kelele, lakini hakupiga. Alisimama tu na mfuko wake wa safari, mtu hai aliyeangalia mazishi yake yakienda na maiti mwingine.

Duku alimwona, akaja akamshika bega. "Mama Ivan, umefika. Nasikia unakuja na wimbo."

"Mumeshaimba," Keji alisema.

Alikwenda mpaka kaburini, akatupa udongo wake kama wengine, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Hakula chakula cha msiba. Jioni ile ile alirudi Arua, na wimbo wa Paska bado uko mdomoni, hauna pa kushuka.

Siku zilizofuata alisaga kimya. Wateja walisema odi imebadilika, lakini wateja husema hivyo bei ikipanda pia. Andama alimwacha kwanza, kisha siku moja, akiwa anapiga randa ubao wa kiti, akajaribu.

"Tunga ingine, mama."

"Na mikono ya nani? Hii ndiyo mikono yangu," Keji alijibu, akaionyesha, mafuta ya karanga mpaka kwenye viwiko. "Imeshaimbwa. Imeshaenda kaburini na mutu ingine. Nikitunga ingine nitasema nini, nilikuwa naendesha ndege?"

Andama alirudi kwenye randa yake. Alikuwa fundi, na alijua ubao ukishakatwa kwa kipimo cha mlango wa mtu haurefuki tena.

Kilichomla Keji hakikuwa huzuni. Huzuni aliijua, alikuwa amekaa nayo kwenye mikeka ya watu wengi. Hii ilikuwa kitu kingine. Hakuweza kumlilia rafiki yake. Kila alipoanza kulia, alikumbuka ngumi ile kifuani, "Iko hapa", na machozi yakakauka njiani. Paska alikuwa amemnyang'anya siku yake ya kufa, na pamoja nayo akamnyang'anya hata kumlilia. Wapo watakaosema Mkristo husamehe. Ni kweli, na wao pia wangesema vingine kama wangezikwa kabla ya siku yao.

Matanga yalipoanuliwa, Lillian alikuja. Alimkuta Keji kwenye jiwe, akapiga magoti kumwamkia, kama binti aliyelelewa vizuri. Alileta kitenge kizuri kutoka dukani kwa mamake. Keji alikipokea akakiweka kando bila kukikunjua.

"Mama Ivan, mi nakuja na maneno moja."

"Sema."

"Watu naongea kule Koboko." Lillian alikuwa anavuta nyuzi za mkeka. "Ile mama jirani yetu, Hasifa, ameuliza mbele ya watu, Paska na jiwe tangu lini? Watu walicheka. Sasa mjomba Duku naniuliza kila siku, hii wimbo ni ya nani. Na kanisa nataka kuiimba siku ya ukumbusho ya mama. Mi nasema mama alipewa na wewe. Wewe sema tu neno moja, sema ulimpa. Maneno nakwisha."

Keji aliendelea kusaga. "Yeye alikuambia nilimpa?"

"Ee. Alisema, Keji amenipa."

"Lini alikufundisha?"

Lillian alivuta uzi mwingine wa mkeka.

"Mwaka jana," binti akasema. "Mbele ya mvua."

Jiwe likasimama. Keji alikuwa amejipa tumaini moja dogo, na hakulijua mpaka lilipovunjika sasa hivi. Alikuwa amejiambia kwamba labda Paska alikuwa kitandani, homa imempanda kichwani, kifo kimemkaba, akanyakua kilichokuwa karibu kama mtu anayezama. Mtu wa namna hiyo unaweza kumsamehe. Lakini kabla ya mvua Paska alikuwa na akili zake zote, anauza mitumba.

"Mimi nilikuja kunywa chai mvua inaanza," alisema. "Ulikuwa uani."

"Ndiyo."

"Ulisikia vile alinijibu."

Lillian aliinamisha kichwa. "Nilisikia. Nilikuwa naijua yote ile siku."

"Na wewe ulinyamaza."

"Ni mama yangu."

Mama ni mama. Keji alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Sababu ilikuwa nini, Lillian? Mi nilimkosea wapi? Niambie tu."

"Hakuna ulimkosea. Yeye mwenyewe alisema hivyo." Binti alikuwa analia sasa, bila kelele. "Alisema nyimbo yote imepita kwa kichwa yake, ameonja yote, anajua tamu ni gani. Alisema watu wote umewapa nzuri, lakini ile tamu umejiwekea. Alisema, mimi ndiyo nimebeba yote miaka yote, na mimi nitapita mlango na wimbo ya namna gani?"

Katika maisha yake yote Keji hakuwahi kusifiwa namna hiyo. Mchungaji alimsifu, wafiwa walimshika mikono, lakini hakuna aliyejua kazi yake kama Paska, na Paska ndiye aliyeonja zote akasema huu ndio mtamu. Ndiyo maana iliuma hivyo. Sifa kubwa kuliko zote ilimjia kwa mkono wa mwizi, na mwizi mwenyewe alikuwa nusu ya moyo wake.

"Mi nilimtungia," alisema.

Lillian akainua uso.

"Asubuhi ile Duku alinipigia, nilikaa hapa hapa. Nilikuja nayo Koboko mdomoni. Nakuta mumeshaanza."

"Iko namna gani?" Lillian alimsogelea kwa magoti. "Niimbie, mama. Tafadhali. Tutaiimba hiyo siku ya ukumbusho, tunaacha ile ingine."

Ilikuwa karibu. Wimbo ulikuwa palepale nyuma ya meno, aliyewekewa kitu akakitunza, na Keji alifungua kinywa. Kisha aliusikia, mstari kwa mstari, jinsi utakavyosikika Koboko mbele ya Hasifa na mbele ya Duku, ukimsifu mwizi kwa utunzaji.

"Hapana," alisema. "Ile ni ya mutu ingine. Nilifikiri ni mamako."

Kuku aliingia, akadonoa ufuta uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Lillian akauliza kwa sauti ndogo atawajibu nini watu kule nyumbani.

"Uimbe tu," Keji alisema. "Ile wimbo imeshakwenda na mamako, ni yake sasa. Mi sitasema nilimpa, na sitasema aliiba. Mutu akiniuliza, mi nanyamaza. Na siku yangu mimi, nimeshaambia Andama, nimeshaambia Ivan. Hakuna mutu ataimba. Nitapita mlango kimya."

Lillian alielewa haraka, kwa sababu alizaliwa ndani ya mila hiyo. Watu wa Arua na Koboko wote watakuja siku hiyo, kila nyumba iliyowahi kutolewa mtu na wimbo wa Keji. Watasimama uani wakingoja. Jeneza litatoka na hawatasikia kitu ila miguu ya wabebaji, na watatazamana, na mmoja atauliza wimbo wake ulikuwa kwa nani. Jibu ni jina moja tu, na kila mtu analijua.

"Mama, watu watauliza," alisema.

"Waulize."

"Watamtukana mama yangu kaburini."

"Mi sitakuwepo kusikia," Keji alisema. "Na mimi hata hivyo sikuwepo wakati alikuwa nakufundisha."

Binti aliondoka kabla chai haijachemka. Keji alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia bodaboda ya kumpeleka kwenye magari ya Koboko, akamwambia dereva asikimbie. Hakumchukia mtoto. Alisimama mpaka pikipiki ilipokata kona, kisha akarudi, maana ufuta ulikuwa bado nusu na mama wa hoteli alisema atapita kuchukua odi yake.

Alipiga magoti. Jiwe likaenda na kurudi, na baada ya muda wimbo aliomtungia Paska ukapanda wenyewe, haukuombwa, kwa sababu hajawahi kujilazimisha kukumbuka wimbo wake hata mmoja ila huu. Alijaribu kuweka jina lake mwenyewe mwishoni aone kama utamkaa. Haukumkaa. Mle ndani kulikuwa na mikono ya kukung'uta na kukunja na kuweka, haikuwa mikono yake. Basi akauimba ulivyo, polepole, mzigo na nguo na yote, mpaka akafika penye jina la Paska. Mikono haikusimama. Jiwe liliendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mdomo akaufunga.